Uji wa Bibi Anyesi

Makambako, dukani,
alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Edina,

Kamwene, mama. Najua utashangaa kupewa barua na mtu mnayeishi naye nyumba moja, ambaye kila asubuhi mnagombania maji ya moto. Ningeweza kukuita tukakaa tukazungumza. Lakini unanifahamu: nikianza jambo zito, baada ya sentensi mbili nimeshahamia kwenye mvua na viazi. Kwa hiyo nimefunga nusu ya mlango wa duka, nimekaa nyuma ya cherehani, na ninachana karatasi kwenye daftari langu la vipimo. Ukigeuza nyuma ukakuta "kiuno 36, mguu 41", hiyo ni suruali ya mwalimu mmoja, haikuhusu.

Kesho asubuhi unapanda basi kwenda chuo cha uuguzi. Habari za blanketi, ndoo, shuka na viatu vyeusi visivyo na kisigino mama yako amekwisha kuzisema, na kwa jinsi ninavyomjua atazisema tena stendi kupitia dirisha la basi. Mimi sitazirudia. Yale magauni mawili meupe niliyokushonea yako tayari. Kola ya lile la pili nimeifumua mara tatu. Mama yako alidhani natafuta uzuri wa kazi, akanisifu hata. Ukweli ni kwamba akili haikuwa kwenye kitambaa na mshono ukawa unakwenda upande.

Naogopa, Edina. Naliandika hilo mapema ili nisije nikalizunguka. Tangu siku uliponiletea simu nione jina lako kwenye orodha ya waliochaguliwa, wewe ukiwa unaruka na mama yako anapiga vigelegele mpaka majirani wakaja, mimi nimekuwa na hofu ambayo haijanitoka. Nilicheka pamoja nanyi. Kisha nikaenda uani, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Wiki iliyopita uliniuliza, "Baba, wewe si ulishasoma huko kabla hujaacha? Kukoje?" Nikakohoa. Nikavuta skafu yangu vizuri shingoni, nikakuambia baridi ni kali. Hilo ndilo jibu langu kwa kila swali la uuguzi tangu hujazaliwa. Kila mtu Makambako anajua fundi huyu aliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya kifua. Wateja wangu wananitania jinsi mtu mwenye kifua alivyoikimbia baridi ya Njombe akaja kuishi kwenye upepo wa Makambako. Nacheka nao, nakohoa kidogo, mazungumzo yanaisha.

Leo nakujibu.

Miezi ya mwanzo utakaa darasani, na utachoka kichwa kuliko miguu. Mifupa ina majina mengi kuliko ukoo wetu wote. Mtafundishwa kutandika kitanda, na wewe utadhani unajua kutandika kitanda, halafu mwalimu atavuta shuka lako chini mbele ya wenzako na kukuambia anza upya. Mtachoma sindano kwenye sanamu, na sanamu halilalamiki, utajiona hodari. Kisha mtapelekwa wodini. Siku ya kwanza harufu itakufuata mpaka kwenye chakula. Utaambiwa umwogeshe mzee mwenye umri wa babu yako, na utatamani ardhi ipasuke, na yeye atatamani hivyo hivyo, na mtaangalia ukuta wote wawili hadi mmalize. Utamwaga beseni la haja na kujifunza kupumua kwa mdomo. Kuna sista atakugombeza mbele ya wagonjwa kwa kosa la mwenzako. Utakwenda kulia mahali. Wasichana wa wakati wangu walilia chooni. Mimi nililia kwenye stoo ya mashuka, kwa sababu mwanamume akionekana analia angetaniwa mpaka amalize chuo. Na siku moja mtu atakufa ukiwa umemshika mkono, utaona watu wengine wanaendelea kunywa chai, na utawachukia kwa muda.

Hayo yote siyaogopi. Utayaweza. Wewe ndiye uliyemwogesha bibi yako mwaka ule alipopooza, na hukukunja uso hata mara moja. Nilikuwa nakuangalia nikijua kwamba siku moja utaniomba kwenda huko.

Ninachoogopa ni kitu kidogo. Unamkumbuka yule mzee wa kanisani aliyekuja kuulizia koti lake mwezi wa sita, mimi nikiwa nimetoka? Ulimwambia, "Bado vifungo tu, babu." Koti lenyewe lilikuwa bado kitambaa, hata chaki sijagusa. Niliporudi nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Baba, alikuwa amesimama amechoka, ningemwambiaje hapana?" Nikacheka, nikakesha na koti. Lakini usiku ule, kila nikipiga pedali, nilikuwa najiona mimi mwenyewe nikiwa na umri wako. Ni sisi tuliokufundisha. Mtu mzima akiomba, mpe. Akisema, usimpinge. Chakula kikiletwa, pokea kwa mikono miwili. Umejifunza vizuri sana, na mimi ndiye niliyejivuna nikisikia watu wanasema watoto wa fundi wana adabu.

Sasa sikiliza kwa nini niliacha uuguzi. Kifua changu ni kizima. Kimekuwa kizima maisha yangu yote.

Nilikuwa mwaka wa pili, hospitali ya misheni ambayo jina lake sitaliandika, maana waliopo pale leo hawana kosa. Wodi ya wanawake alilazwa dada mmoja wa kijijini kwetu Yakobi, Sara. Alikuwa na uvimbe wa shingo, ule waliokuwa nao wengi milimani kwetu siku zile, na wake ulikuwa umekua hadi akawa anajifunika kitenge hata jikoni. Alikuwa amechumbiwa. Alitaka utolewe kabla ya harusi. Sara alikuwa mjukuu wa bibi Anyesi, na bibi Anyesi ni mdogo wa bibi yangu mzaa mama, kwa hiyo kwa kuhesabu kwetu Sara ni dada yangu kabisa.

Alikuwa mwoga wa kuongea Kiswahili mbele ya wakubwa. Sista wa wodi akaniambia, "Wewe ni wa kwao. Asubuhi ya upasuaji kaa karibu naye, umtulize, na uangalie asile wala asinywe kitu." Kwenye kichwa cha kitanda walikuwa wamefunga kibao kinachosema asipewe chochote. Nilikuwa najua sababu yake, niliifaulu kwenye mtihani. Mtu akipewa dawa ya usingizi mwili wake haujilindi tena. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda, kikashuka kwenye mapafu. Niliandika hivyo kwa mwandiko mzuri, mwalimu akaniwekea alama ya vema.

Asubuhi hiyo, jua limechomoza lakini ukungu bado, bibi Anyesi akaingia. Alikuwa amepanda lori la mbao. Mgongoni alikuwa amebeba sufuria dogo amelifunga kwa kitenge kama mtu anavyobeba mtoto, lisipoe. Uji wa ulezi. Ukifunua mvuke unakupiga usoni, na harufu ile, Edina, kwa kijana ambaye hajanywa chai, ilikuwa nyumbani kwetu kote.

"Kamwene, mjukuu wangu," akasema.

"Kamwene, bibi. Lakini dada haruhusiwi kula. Anakwenda kupasuliwa."

Akanitazama kana kwamba nimesema Kizungu. "Unampeleka mtu kwenye kisu na njaa?"

"Ndivyo wanavyotaka, bibi."

"Wao ni wao. Wewe si wao. Mama yako nilimpokea kwa mikono hii akitoka tumboni. Leo unanizuia nisimlishe mjukuu wangu?" Hakupaza sauti. Angepaza sauti labda ningepata nguvu. Alisema kwa upole, na wagonjwa wa vitanda vya jirani, wote watu wa kwetu, wakawa wananitazama kuona nitamjibu nini mzee. Sara mwenyewe alikuwa anatazama sufuria. Bibi akasema, "Vijiko viwili. Aonje tu mkono wangu."

Unajua kwetu ilivyo. Mgonjwa anaonekana ana watu kwa chakula kinacholetwa. Mgonjwa asiyeletewa uji ni mtu aliyetupwa. Na bibi aliyerudi Yakobi na sufuria limejaa angesema mbele ya kila mtu kwamba mtoto wa fulani amesoma mpaka amesahau watu. Mama yangu angelisikia kanisani Jumapili.

Sikusema ndiyo. Hapo ndipo nilipojidanganya kwa miaka mingi, kwamba sikusema ndiyo. Niligeuka, nikaenda kwenye kabati, nikaanza kukunja mashuka yaliyokuwa yamekwisha kukunjwa. Nilikuwa nasikia kijiko kikigonga sufuria. Nilihesabu mpaka kikafika cha saba, nikaacha kuhesabu. Nilipogeuka bibi alikuwa anamfuta Sara mdomo kwa ncha ya kitenge, na sufuria limebaki robo.

Na hata hapo, mwanangu, hakukuwa na jambo lolote lililoharibika. Nataka ulielewe hili kuliko kitu kingine chochote kwenye barua hii. Dada yangu amekula uji, basi. Uvimbe ule alikuwa nao kwa miaka, ungesubiri kesho yake. Nilichotakiwa kufanya ni kutembea hatua kumi na mbili hadi mezani kwa sista na kusema amekula. Ningegombezwa. Bibi Anyesi angetolewa nje kwa aibu. Daktari angekasirika. Kesho yake Sara angepasuliwa, na leo angekuwa mama wa watu, pengine na wewe ungekuwa unakwenda kwake likizo.

Sista akaja na karatasi yake pamoja na watu wa machela. Akauliza jina, akauliza kama ametoa pete na hereni. Kisha akauliza, "Amekula kitu asubuhi hii?"

Alikuwa anamuuliza Sara. Sara akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa yanasubiri nimwambie ajibu nini, maana mimi ndiye msomi wa kwetu, mimi ndiye niliyevaa nguo nyeupe.

Nikasema, "Hapana, sista. Hajala."

Sara akainamisha macho. Wakamsukuma.

Walimtoa mapema kuliko ilivyotakiwa, shingo haijaguswa. Alitapika alipokuwa anaingia kwenye usingizi, na kilichotoka kikarudi kifuani. Walifanya kila walichoweza, sikuona mtu aliyezembea pale ila mimi. Aliishi siku tatu. Pumzi yake ilikuwa inasikika mpaka mlangoni. Matroni mwenyewe alikuja akainama, akamuuliza taratibu, "Sara, ulikula?" Akatikisa kichwa kukubali. "Nani alikupa?" Akafumba macho. Matroni akanigeukia. "Wewe ulikuwepo. Uliona?"

"Sikuona, matroni."

Sara alikuwa anasikia. Mkono wake ulikuwa juu ya blanketi, na nilipopita alinishika kidole kimoja, akakiachia. Mpaka leo sijui alitaka kusema nini kwa kidole kile. Nimejaribu kukitafsiri kwa kila namna, na kila namna inaniumiza.

Kwenye faili wakaandika kwamba mgonjwa alikula kwa siri kinyume cha maelekezo. Maneno hayo niliyasoma kwa macho yangu. Yeye ndiye aliyekufa, na yeye ndiye aliyeandikiwa kosa.

(Nimesimama kidogo. Mama yako alikuwa anapita kutoka sokoni, akachungulia. "Baba Edina, mbona umefunga nusu? Unaumwa?" Nikamwambia nahesabu vifungo. Akaangalia skafu, akasema, "Mbona imelowa?" Nikamwambia kifua kimeanza tena. Akasema atanichemshia tangawizi, akaondoka na mboga zake. Unaona? Hapa hapa, kalamu mkononi, nakuandikia habari ya uongo wangu, na nimeongeza mwingine bila hata kufikiri. Ulitoka wenyewe kama mate.)

Naendelea.

Tulimzika Sara kule Yakobi. Mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba isiyoisha. Watu walipoanza kutawanyika bibi Anyesi akanivuta nyuma ya jiko, mahali pa kuni. Alikuwa amepungua kwa siku zile chache, kitenge kimemzidi. Akaniuliza kwa sauti ambayo hata kuku wasingesikia, "Mjukuu wangu, wewe umesoma mambo haya. Niambie. Ni ule uji?"

Nikamwambia, "Hapana, bibi. Ni ugonjwa."

Akakaa juu ya kuni, akalia, akanishukuru. Alinishukuru, Edina. Aliishi miaka mingine mingi na alikuwa ananiombea kila jioni, mama yangu aliniambia.

Ule uongo wa kwanza kwa sista najua ni nini. Ule wa pili kwa matroni pia najua. Huu wa tatu sijui. Kuna siku naona ni huruma, nilimwondolea mzee mzigo ambao ungemuua. Kuna siku naona nilijiokoa mwenyewe tu, maana kama uji haukumuua Sara, basi na mimi sikumuua. Sikuletei jibu la hili, sinalo. Ukilipata huko uendako, uniandikie.

Baada ya mazishi nilirudi chuoni wiki mbili. Kila nikisikia kijiko kikigonga kikombe nilikuwa natoka jasho. Nikaenda kwa mkuu nikamwambia kifua changu hakiwezi baridi. Nikakohoa mbele yake ili anisadiki. Mama yangu akaninunulia skafu ya sufu, ya kahawia, hii hii. Nikaja Makambako, nikajifunza ufundi, maana nguo ukikosea unafumua na mteja hajui. Yakobi nimekuwa nakwenda kwenye misiba tu, nikirudi siku hiyo hiyo, na ninyi mmekua mkidhani baba yenu hapendi kwao.

Mama yako hajui. Ameishi na mwanamume mwenye kifua kwa miaka yote hii. Amenichemshia tangawizi ya kutosha kujaza bwawa.

Sasa na wewe unakwenda kuvaa gauni jeupe nililolishona kwa mikono hii, na najua watu wa kwetu watakujaje. Watakuja na lori la mbao, na pikipiki, na kwa miguu. Bibi mwenye macho kama ya bibi yako atakushika mkono na kukuuliza wewe ni mtoto wa nani. Mtu atakuuliza kama umempa dawa mgonjwa wa kitanda cha nne, na wewe utakumbuka ulisahau, na mkubwa atakuwa amesimama na kalamu anasubiri aandike. Utakuwa umechoka, una njaa, umegombezwa mara mbili siku hiyo. Na jibu tamu litakuwa tayari mdomoni, lile linalomfurahisha kila mtu aliyesimama mbele yako. Dakika hiyo ni fupi sana, mama. Ni fupi kuliko kuingiza uzi kwenye sindano. Mimi naiogopa dakika hiyo kuliko magonjwa yote utakayoyashika.

Sikuambii uwe mkali kwa wazee. Nimefikiria sana miaka hii ningemwambia nini bibi Anyesi, na naona sasa kwamba kulikuwa na njia. Ningelipokea lile sufuria kwa mikono miwili. Ningemwambia, "Bibi, umekuja na upendo, uji huu ni wa Sara, nautunza mimi mwenyewe, na akiamka wewe ndiye utakayemlisha wa kwanza." Ningeliweka kwenye kabati na kulifunika. Angenuna, labda. Lakini angekuwa na kitu cha kungojea. Nilikuwa na miaka ishirini, sikuliwaza. Wewe nimekuwazia.

Na ukikosea, maana utakosea, sema kabla hawajauliza. Wakigomba, waache wagombe. Wakikurudisha nyumbani, basi rudi. Nakuapia mbele ya Mungu, ukishuka hapa stendi na begi lako kwa sababu ulisema kweli, nitakupokea kama siku uliyofaulu, na majirani nitawaita mimi mwenyewe. Kitakachonivunja ni ukirudi na kikohozi.

Hofu nyingine ni ndogo ila naisema. Naogopa kwamba ukishasoma haya hutaniita baba kwa sauti ile ile. Ukihitaji muda, chukua. Nilikupa jina la mama yangu na nimekuita mama hata ninapokugombeza, kwa hiyo nina mazoea ya kungojea uniambie kwamba yamekwisha.

Jua limeshuka kwenye paa la jirani. Nasikia mama yako nyumbani anatwanga, nadhani ni ile tangawizi. Nimefikiri hivi: siwezi kumtaka mtoto wangu afanye jambo ambalo mimi mwenyewe, mtu mzima na mvi zangu, sijawahi kulifanya. Kwa hiyo nikimaliza mstari huu nafunga duka, naiacha skafu juu ya cherehani, naingia ndani nikiwa shingo tupu. Mama yako ataniuliza iko wapi, kama anavyouliza kila ninapoisahau. Naogopa hatua zile chache za uani kama nilivyoziogopa zile kumi na mbili.

Barua hii naiweka karibu na pasi. Makaa bado yanawaka. Nikimwambia kweli, kesho nitakupa stendi uisome njiani. Nikishindwa, nitarudi niichome, na kesho stendi utaagana na baba mwenye skafu, utapunga mkono, hutajua lolote. Lakini kama unaisoma sasa, basi lako limeshapita Njombe na Yakobi iko nyuma yako, ujue kwamba jana jioni baba yako aliulizwa, na akajibu kweli.

Baba yako,
fundi